Kabla hujauza gunia la kwanza, kaa kikao na familia yako



Mavuno yameanza. Kuanzia sasa hadi Novemba, hapa Dodoma mvua hatuna. Wengi huita kipindi hiki wakati wa kupumzika, lakini mimi naona ndipo mwaka wa familia unapoamuliwa. Nyumba itavuja au haitavuja, chakula kitafika Machi au kitaishia Desemba, maji yatachotwa uani au kisimani mbali: yote hayo huamuliwa kati ya Juni na Novemba. Na mara nyingi huamuliwa na mtu mmoja, akiwa peke yake sokoni, hela ikiwa tayari mfukoni.

Rai yangu ya leo ni fupi. Gunia la kwanza lisitoke nyumbani kabla familia nzima haijakaa kikao, ikahesabu chakula na kupanga kazi za kiangazi. Ninaposema familia nzima nina maana ya baba, mama, bibi au babu kama yupo, na watoto wote wenye umri wa kubeba ndoo. Anayeifanya kazi awepo inapopangwa.

Wapo watakaosema afisa ugani ameacha mbegu na mbolea sasa anaingilia ndoa za watu. Nisikilizeni kwanza.

Kwa nini kwetu jambo hili ni zito

Wenzetu wa mikoa yenye misimu miwili ya mvua wakikosea wa kwanza wanajaribu wa pili. Sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika maeneo mengi mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600. Tunavuna mara moja, tunakula miezi 12. Kosa la Juni linalipwa Februari.

Linalipwaje? Familia inauza magunia mengi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Januari ghala ni tupu na bei imepanda. Basi mama na vijana wanakwenda kufanya kibarua cha palizi kwenye mashamba ya watu ili wapate debe la mahindi. Wakati huohuo shamba lao linazidiwa na magugu. Mavuno yanayofuata yanapungua, na mwaka unaofuata hali inakuwa mbaya zaidi. Huo ndio mduara wa umaskini ninaouona katika kaya nyingi, na mbegu bora peke yake haiwezi kuukata. Unakatwa kwa hesabu inayofanywa watu wakiwa wamekaa pamoja.

Karanga zinavyotueleza ukweli

Nitoe mfano mmoja wa kazi ya nyumbani inayoonekana ndogo.

Kubangua karanga kwa mkono kunaumiza vidole. Ndiyo maana mama au binti aliyepewa magunia matatu abangue peke yake huzimwagia maji kidogo ili maganda yalainike. Unyevu huo unakaribisha kuvu, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumu tunayoiita sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini, na ukishaila kwenye uga au mboga ya karanga hutaijua kwa ladha. Kuchemsha hakuiondoi.

Hii si habari ya kutishana. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na ugonjwa uliotokana na sumukuvu. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki. Walikula chakula cha nyumbani cha kila siku.

Tangu hapo sisi maafisa tumesema sana: msiloweshe karanga, msianike mahindi kwenye udongo, chambueni punje zilizooza. Yote ni kweli, lakini tunamwambia nani? Anayelowesha ni yule mwenye vidole vinavyouma. Mwenye uamuzi wa kununua turubai au kukodi mashine ya kubangulia ni mwingine, na mara nyingi hakuwepo wakati wa kubangua. Kama wawili hao hawajakaa meza moja, ushauri wangu unaishia hewani.

Sasa chukua familia ambayo jioni baada ya chakula watu sita wanakaa kwenye mkeka na kubangua karanga kavu saa moja, baba naye akiwemo. Magunia yanakwisha bila tone la maji. Na baba akishabangua siku mbili, habari ya kuchangia mashine ya kubangulia na majirani ataianzisha mwenyewe.

Kikao chenyewe kinaendaje

Hakihitaji agenda wala soda. Chagua jioni moja ambayo wote wapo. Chukua daftari, hata lile la mwanafunzi lililobaki kurasa, na anayeandika vizuri awe katibu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

*Kwanza, hesabuni chakula.* Tuseme ninyi ni watu sita na mnatumia kilo tatu za unga kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 90. Ukiweka pumba na upotevu mdogo, ni kama gunia moja la kilo 100 kila mwezi, yaani magunia 12 kwa mwaka. Ongeza moja la wageni na misiba. Kama mmevuna mtama na mahindi magunia 15, ya kuuza ni mawili. Hapo wa kusikilizwa kwanza ni mama, maana ndiye anayejua kibaba kinachoingia sufuriani. Anayetaka yauzwe matano aandike kwenye daftari: Februari nani atanunua hayo matatu, na kwa hela ipi? Swali hilo likiulizwa mbele ya watoto, majibu ya haraka haraka hupungua.

Mahitaji ya fedha yaelekezwe kwanza kwenye mazao ya biashara: alizeti, ufuta, karanga za ziada, zabibu kwa wenye nazo. Nafaka iwe ya mwisho kuondoka.

*Pili, orodhesheni kazi za nyumba na shamba.* Kila mtu ataje moja inayomsumbua, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Mkianza na mkubwa, wadogo wataitikia tu. Mtoto atasema choo hakina mlango. Bibi atasema paa la jikoni linavuja. Andikeni zote.

*Tatu, chagueni tatu tu.* Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Kiangazi kinaanza tunafyatua matofali ya nyumba mpya, tunachimba shimo la choo, tunafuga kuku 100, na Desemba inatukuta na matofali yanayeyuka, shimo wazi na kuku watano. Ushauri wangu: kazi moja ya chakula, moja ya maji, moja ya nyumba au shamba. Zilizobaki zikae kwenye daftari zingoje mwaka ujao.

*Nne, kila kazi iwe na mwenyewe, tarehe na bei.* Mwenyewe hafanyi peke yake. Ndiye anayeulizwa imefika wapi. Na iandikwe kitakachouzwa kuigharamia: mbuzi gani, alizeti gunia ngapi.

Baada ya hapo kutaneni kila wiki mbili kuulizana. Kikao cha Juni kisichorudiwa ni sherehe tu.

Kazi tatu ninazozipendekeza

*Chakula: kukausha na kuhifadhi.* Nunueni turubai na mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa nje. Nafaka ikiwa kavu na kila mfuko ukifungwa vizuri, wadudu hufa kwa kukosa hewa, na dawa ya unga haihitajiki.

Ukavu unapimwa nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka chumvi kavu kidogo na nafaka hadi theluthi moja ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka bado ina unyevu, irudi juani. Isiponata, iko tayari. Kazi hii apewe mtoto wa darasa la tano au la sita. Ataifanya kwa bidii kuliko sisi, na ataikumbuka akiwa na nyumba yake.

*Maji: kuvuna ya paa.* Nyumba ya bati yenye mita 6 kwa 8 ina eneo la mita za mraba 48. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwa msimu wa milimita 550, hata ukiondoa sehemu ya tano inayopotea, paa hilo linatoa zaidi ya lita 20,000. Ni madumu 1,000 ya lita 20. Kwa baiskeli inayobeba madumu manne, ni safari 250 za kisimani.

Hamtayahifadhi yote, na tangi kubwa ni ghali. Lakini anzeni na gata upande mmoja wa paa na pipa au simtanki ndogo, ambayo itajaa na kutumika mara nyingi msimu mzima. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Ukiwauliza akina mama na mabinti wanaochota maji, gata mara nyingi itapata kura kabla ya redio mpya. Tatizo ni kwamba wengi hawajawahi kuulizwa.

*Shamba: visiki.* Katika mkoa wetu, kuanzia mwaka 2018, Taasisi ya LEAD pamoja na Justdiggit wamekuwa wakihamasisha Kisiki Hai. Huhitaji kununua mche. Unachagua kisiki kinachochipua shambani, unapogoa machipukizi na kubakiza machache yenye nguvu, unaweka alama, kisha unakilinda. Mizizi tayari iko chini, ndiyo maana kinakua haraka hata kwenye ukame wetu.

Hatua tatu za kwanza baba anaweza kuzimaliza peke yake asubuhi moja. Ya nne hawezi. Kijana anayechunga mbuzi asipojua kitambaa kile kina maana gani, mbuzi watakula chipukizi. Binti anayetafuta kuni asipoambiwa, atalikata. Visiki hivyo vinalindwa na familia inayojua vilipo. Tembeeni shambani wote, kila mtoto achague visiki vyake vitano na kuvifunga alama kwa mkono wake. Cha kwake hatakikata.

Kwa wenye duka au genge nyumbani

Wafanyabiashara wadogo nao wamo. Duka lililo mbele ya nyumba mara nyingi haliuawi na mshindani. Linauawa na sukari ya chai, sabuni ya kufulia na hela ya kusaga zinazochukuliwa bila kuandikwa, na kila anayechukua anaamini amechukua kidogo.

Kwenye kikao chenu kubalianeni mambo matatu. Pesa ya duka ikae kwenye kopo lake. Kila kinachotoka dukani kwenda jikoni kiandikwe, hata kama aliyekichukua ni mwenye duka. Mwisho wa mwezi deni la jikoni lilipwe kutoka kwenye mapato mengine, au litambuliwe wazi kuwa ndiyo faida yenyewe iliyoliwa. Hakuna ubaya kula faida. Ubaya ni kula mtaji ukidhani unakula faida.

Hoja za wanaopinga

Ya kwanza: "Mwanaume akihesabu magunia na watoto anapoteza heshima." Wazee wetu wa tembe hawakufikiri hivyo. Paa lile la miti na udongo halikuezekwa na mtu mmoja. Kulikuwa na wa kukata nguzo, wa kuchota maji, wa kukanda udongo, na lilikarabatiwa kabla mvua hazijaja kwa sababu kila aliyelala chini yake alijua zamu yake. Mwenye nyumba alibaki mwenye nyumba. Heshima inapotea Februari, baba anapojificha wanaomdai.

Ya pili: "Mali ni ya baba, yeye ndiye aliyelima." Sheria yetu haisemi hivyo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni. Sisemi mpelekane mahakamani. Nasema tuwape leo kwa hiari, nyumbani, kile ambacho mahakama imekwisha kukitambua.

Ya tatu naisikia kutoka kwa akina mama, na ninaiheshimu: "Nikitaja kwenye kikao hela yangu ya VICOBA, kesho itaombwa ya pombe." Hofu hiyo ina sababu. Jibu langu ni kwamba kikao si mahali pa kumwaga kila shilingi mezani. Mama abaki na kikundi chake, kijana na mbuzi wake. Kinachowekwa wazi ni chakula cha wote, kazi za wote, na nani anagharamia nini. Familia inaweza kuwa na daftari moja bila kuwa na mfuko mmoja.

Na hapa nataka niwe mkali kidogo kwetu akina baba. Mtoto akipewa kuku awatunze, wawe wake kweli. Kuku wetu wa kienyeji wengi huuawa na kideri, na chanjo yake ni rahisi: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Mtoto anaweza kuwa mkumbushaji na mshika kuku mzuri sana. Lakini akikuta jogoo wake ameuzwa bila kuulizwa, utakuwa umepoteza zaidi ya jogoo. Mwaka ujao hatakumbusha tarehe ya chanjo, na banda zima litateketea huku wewe ukilalamika kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu.

Ya nne: "Hatuna muda." Saa moja jioni kila wiki mbili, kuanzia Juni hadi Novemba, ni kama saa 12. Linganisha na siku za kibarua Januari na Februari kwa sababu ya gunia moja lililouzwa mapema. Hesabu hiyo mnaiweza wenyewe.

Kalenda fupi ya kubandika ukutani

- Juni: kikao cha kwanza, kuhesabu chakula, kukausha na kuchambua.
- Julai: kufunga mifuko, kuuza mazao ya biashara, kubangua karanga kavu.
- Agosti na Septemba: kazi ya nyumba, iwe paa, choo au jiko, matofali yafyatuliwe sasa na si Novemba.
- Oktoba: gata na pipa, kupogoa na kuweka alama visiki, kusafisha shamba.
- Novemba: mbegu ndani ya nyumba, majembe yamenolewa, kikao cha kuangalia kilichokamilika na kilichobaki.
- Desemba: mvua ikinyesha, wote shambani.

Kuku wachanjwe kila miezi mitatu katikati ya ratiba hiyo.

Ninachowaomba

Mimi nikija kwako nakaa saa moja, kisha napanda pikipiki naenda kijiji kingine. Ushauri ninaouacha kwa mtu mmoja huondoka anapokwenda sokoni au kilabuni. Ninaouacha kwa watu sita hubaki, kwa sababu hata mmoja akisahau, mwingine atauliza. Ndiyo maana nikifika naomba nikute wote, na sitaki mama aitwe kutoka jikoni kuja kusalimia tu. Akae, aulize, na ikibidi apinge.

Wiki hii, kabla lori la mnunuzi halijasimama barabarani, ulizeni maswali matatu nyumbani kwenu. Chakula chetu kitafika mwezi gani? Kazi gani tatu lazima ziishe kabla ya mvua? Kila moja ni ya nani? Mkishayajibu na kuyaandika, uzeni mnachotaka kuuza. Na mkiwa na mzani, pimeni kwanza. Gunia la kilo 100 liwe la kilo 100, lumbesa hatuitaki.